Nusu Iliyotoka kwa Mama

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Februari 1999, watu kumi na mmoja wa ukoo mmoja walikaa nje ya maabara ya hospitali moja mashariki mwa London, kuanzia saa tatu na robo asubuhi hadi saa kumi kasorobo alasiri. Wa kwanza alichomwa sindano saa tatu na nusu. Wa mwisho, saa tisa na dakika ishirini. Saa sita na nusu wanaume waliondoka kwenda kuswali katika chumba kidogo kilichokuwa chini ya ngazi, wakarudi saa saba kasoro dakika tano, kisha wanawake wakaenda kwa zamu. Muda wote huo Mwanabaraka hakuketi. Alikuwa na chupa mbili za chai na kikapu cha mikate ya kumimina, akipita baina ya viti kama mwenye karamu, akimhimiza huyu ale na yule asisimame haraka baada ya kutolewa damu.

Hawakuwa wagonjwa. Mgonjwa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amelala ghorofa ya nne: Ghalia, msichana wa miaka ishirini na mmoja, mtoto pekee wa Mwanabaraka na Sultan. Saratani ya damu ilikuwa imemkamata mwezi wa Oktoba, akiwa mwaka wa pili wa masomo ya ufamasia. Dawa kali za miezi mitatu zilikuwa zimeituliza, lakini daktari wake, mwanamke mrefu asiyependa maneno ya ziada, aliwaambia wazazi kwamba utulivu ule ulikuwa wa kuazima. Kabla haujaisha lazima Ghalia atiwe uboho wa mtu mwingine, mtu ambaye damu yake inafanana na yake. Mahali pa kwanza pa kumtafuta ni kwa ndugu. Na kwa kuwa katika ukoo huu binamu walikuwa wakioana tangu zamani, daktari alitaka waletwe wengi kadiri iwezekanavyo.

Daktari aliomba ndugu; Sultan alileta nasaba. Alikuwa karani mstaafu wa ofisi za mtaa, mtu mpole, nadhifu, mwenye kuweza kuwahesabu babu zake kumi na moja bila ya kuvuta pumzi hadi akafika kwenye mji wao wa asili huko Omani. Aliita ndugu zake kutoka Maskati na Dubai, akawaita binamu zake wa Birmingham na Portsmouth, wote wana wa wanaume wa ukoo. Upande wa mkewe alimleta mtu mmoja tu, Shaame, kwa sababu Shaame na Mwanabaraka walikuwa pacha, na pacha, alisema Sultan, anatosha peke yake.

Shaame aliingia kuchomwa akicheka. "Chukua tu, mama, usinionee huruma," alimwambia muuguzi kwa Kiingereza chake cha kuvunjavunja. Kisha akamgeukia dada yake kwa Kiswahili: "Pacha, leo watajua nani alimnyima mwenziwe nafasi tumboni. Mie nlitoka mwembamba kama ufito, weye ukatoka na mashavu!"

Watu walicheka. Mwanabaraka naye alicheka, huku chai aliyokuwa akiimimina ikipita ukingo wa kikombe na kuingia kwenye kisahani. Katika watu wote waliokuwapo pale, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuwahi kukaa tumbo moja na Shaame.

Aliambiwa mwaka 1963, mjini Unguja, usiku wa kuamkia ndoa yake. Aliyemwambia ni somo wake, Bi Mize, mwanamke aliyemfunda tangu alipovunja ungo. Somo hana hiari katika jambo hilo: bibi arusi lazima ajue alinyonya kwa nani na alizaliwa na nani, ili ajue nani halali kwake na nani haramu. Basi Bi Mize alifunga mlango, akapunguza utambi wa taa, akamwambia kwa sauti ya chini. Bibi mwenye nyumba, ambaye Mwanabaraka alimwita mama, alikuwa mama yake wa kunyonya. Aliyemzaa ni Tausi, mtumishi wa jikoni, ambaye ndugu mdogo wa bwana mwenye nyumba alimuoa kwa siri na kisha akafa kwa homa kabla mtoto hajazaliwa. Bibi mwenyewe alikuwa amejifungua Shaame siku sita nyuma. Mtoto wa kike alipozaliwa alichukuliwa, akawekwa titi la pili, na mtaa mzima ukaambiwa ni pacha. Baba alikuwa wa ukoo, ndoa ilikuwa ya halali, nasaba haikuwa na doa. Palikuwa na mama tu, na mama haandikwi katika nasaba.

"Nimekwambia," alisema Bi Mize usiku ule. "Sasa limo kwako. Mie sitolisema tena mpaka unambie mwenyewe nliseme."

Mwaka uliofuata mapinduzi yalitokea, na watu wa nyumba ile wakatawanyika. Mwanabaraka na Sultan walikaa Dubai, halafu mwaka 1972 wakafika London. Alijifunza kushona mapazia katika chuo cha jioni, akapata kazi kwenye duka la Geeta, Mhindi aliyezaliwa Nairobi, katika mtaa mrefu wa soko wa Walthamstow. Mimba mbili ziliharibika. Ya tatu ilikuwa Ghalia. Kwa miaka thelathini na sita siri ile haikumsumbua zaidi ya jiwe dogo kiatuni. Alishazoea kukanyagia upande mwingine wa unyayo.

Majibu yalitoka mwishoni mwa mwezi. Hakuna hata mmoja aliyefaa. Daktari aliwaeleza wazazi wote wawili hilo, kisha akamwomba Mwanabaraka abaki kidogo.

"Kila mtoto hupewa nusu na baba na nusu na mama," alisema. "Nusu aliyoipata Ghalia kwa baba yake tumeiona kwa watu wengi mliowaleta. Ni ya aina iliyoenea. Hata watu wasio ndugu zenu wanayo. Nusu iliyotoka kwako ndiyo adimu, na haipo kwa yeyote kati yao. Haipo hata kwa huyo mnayemwita pacha wako."

Mwanabaraka alitazama mikono yake.

"Mambo ya nyumba yako hayanihusu, na sitayasema popote," daktari aliendelea. "Ninauliza jambo moja tu. Je, wapo watu wengine upande wa mama yako? Tukimpata mwenye nusu ile adimu, nusu iliyoenea huenda akawa nayo pia, kwa bahati."

"Hakuna," alijibu Mwanabaraka. "Wote wamekufa."

Hakujua kama alisema uongo. Hakupata kuuliza Tausi alipelekwa wapi, wala kama alizaa tena. Alilojua ni kwamba daftari la taifa la watoaji uboho lilikuwa bado linapekuliwa, na moyoni alijipa ahadi: likimpata mtu, neno hili halitahitajika; lisipompata, nitasema. Akapanda ghorofa ya nne na kumchana Ghalia nywele chache zilizokuwa zinaanza kuota.

Baada ya Pasaka jibu la daftari lilikuja. Hakukuwa na mtu.

Bi Mize wakati huo alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu, akiishi na mjukuu wake aliyemleta London, mitaa miwili kutoka soko la Walthamstow. Miguu ilikuwa imemgomea lakini ulimi ulikuwa mzima. Mwanabaraka alipoingia na kuketi sakafuni karibu na kitanda, kikongwe alijiinua kwa kiwiko.

"Umechelewa kuja, mwari wangu."

"Nlikuwa naona haya, somo."

"Haya!" Bi Mize alibeua mdomo. "Haya ilikupendeza ulipokuwa kigoli. Sasa una mvi mpaka kwenye nyusi. Mwanao mgonjwa, weye unaona haya?"

"Sema, somo. Nakuruhusu. Tausi walimpeleka wapi?"

Bi Mize alifumba macho. Alisema walimtoa kwa mlango wa uani, arobaini yake haijatimia, maziwa yanamvuja kwenye kanga. Walimpandisha meli hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo gari la moshi hadi Kigoma, kwa watu wa kabila la mama yake waliokuwa wakikaa Ujiji. "Alikuwa hapigi kelele. Wangapi wangekaa kimya vile? Alinambia neno moja tu: 'Mize, mtoto akikua, usimwache akadhani nlimtupa.' Nami nkakwambia kila kitu usiku ule, hilo nkalisahau. Mungu anisamehe. Mwanamke kanipa neno moja tu la kubeba, nami nkalidondosha."

Bi Mize alikuwa na binamu Ujiji, na binamu yule alikuwa na binti mwenye simu. Siku ya pili Geeta alimfungulia Mwanabaraka chumba cha nyuma cha duka, palipokuwa na simu baina ya marobota ya vitambaa. "Wewe ongea tu, mama, hata mpaka jioni," alisema. "Wateja nitawaambia fundi yangu ameenda kuoa."

Sauti ya mwanamke wa Ujiji ilifika ikiwa imechangamka, kama mtu aliye chumba cha pili. "Tausi wa Bi Zafarani? Huyo alifariki mwaka themanini na nne, ng'ambo ya ziwa, Kalemie, huko Kongo. Aliolewa huko na fundi wa meli. Alizaa wawili. Mmoja vita vimemla. Huyu mwingine, Philippe, si yuko huko huko kwenu?"

"Kwetu wapi?"

"London! Loo, dada yangu, unapiga simu mpaka Ujiji kumuulizia jirani yako!"

Nyumba ya Philippe ilikuwa Lewisham, ghorofa ya tatu, nyuma ya soko. Msichana wa miaka kama kumi na mitano, Noëlla, alifungua mlango, akamtazama mgeni aliyejifunga mtandio, akamwita baba yake. Philippe alitoka akiwa bado na sare ya kampuni ya usafi. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Mwanabaraka alikuwa amejitayarishia maneno ya kuanzia, lakini alipoliona paji la uso lile, pana na lenye mfinyo mmoja katikati, paji la Ghalia, maneno yalimpotea.

"Mimi ni mtoto wa Tausi," alisema. "Yule wa Unguja."

Philippe alishika mwimo wa mlango. "Yaya," alisema, kama watu wa kwao wanavyomwita ndugu mkubwa. "Ingia, yaya. Mama alikuwa anatuambiaka: iko dada yenu moja, alibakia Unguja, mu nyumba ya milango mingi. Sisi tulizania ni hadisi ya kutulalisha usingizi."

Jioni ile Mwanabaraka alipewa ukoo wake. Alipewa kwa kinywa, juu ya sahani ya ugali na samaki, na ndugu aliyekuwa akiikumbuka simulizi ya mama yake neno kwa neno kwa sababu ndiyo mali pekee aliyovuka nayo ziwa.

Bibi yao alizaliwa ng'ambo ya Tanganyika, karibu na Kasongo, wakati ule ambapo misafara ya pwani ilikuwa imefika huko na kukoma. Kasongo ulikuwa mji wa mwisho wa watu wa kanzu: nyuma yake palikuwa na njia iliyokanyagwa hadi baharini, mbele yake msitu ambao wapagazi walikataa kuuingia. Msichana alikuwa na miaka kumi na minne alipochukuliwa kijijini, pamoja na mbuzi na mtama, akawekwa kambini kutwanga mpunga wa wafanyabiashara. Waliompeleka pwani walimpa jina la pwani, Zafarani, jina la kiungo cha kupikia. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa Ngalula. Wazungu wa Kongo walipoanza kupigana na watu wa pwani na mji ukachomwa, bwana wake alikimbia na watu wake waliosalia, naye akatembea nyuma ya msafara uliokuwa ukirudi, akiwa na sufuria kichwani, miezi mingi hadi baharini. Watatu katika wenziwe wa kambini waliachwa njiani wangali wanapumua. Alifika Unguja akiwa mwanamke mzima ambaye hakuna mtu aliyemjua. Alimzaa Tausi uzeeni, jikoni kwa watu.

"Ngalula," Mwanabaraka alirudia.

"Ni vile. Mama aliniomba nimupatie Noëlla ile jina. Ni jina yake ya pili."

Mwanabaraka ndipo alipomweleza kuhusu Ghalia. Philippe alisimama kabla hajamaliza. Alichukua koti lake nyuma ya mlango.

"Twende."

"Wapi?"

"Lopitali. Leo. Wachukue damu."

Hapo ndipo Mwanabaraka alipofanya jambo ambalo baadaye alilizungusha akilini kila siku, na kila siku hakuliona kosa ndani yake, ila matokeo yake tu. Alimwambia angoje.

Philippe hakuelewa. "Kama unaogopa watu wa bwana yako, sema mimi ni rafiki. Sema mimi ni mwenye kufagia. Ile njo kazi yangu, haitakuwa uongo!"

"Hapana," alisema Mwanabaraka. "Mama alitolewa kwa mlango wa uani. Wewe hutaingia kwa mlango huo. Utaingia kama mjomba wa mtoto, na baba yake amesimama akupokee. Nipe siku chache."

Philippe alikaa na koti lake magotini. Hakubishana na dada mkubwa aliyemjua kwa saa tatu.

Mwanabaraka alimwambia Sultan Ijumaa ya kwanza ya Mei, baada ya chakula cha mchana, kwa maneno machache na bila ya kulia. Sultan alisikiliza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Miaka thelathini na sita," alisema.

"Ndiyo."

"Na huyu ndugu yako. Mkristo?"

"Mkristo. Shemasi wa kanisa."

"Anafanya kazi gani?"

"Anafagia maofisi. Baba Ghalia, uniulize maswali hayo baada ya mtoto kupona. Nakuomba jambo moja tu. Mpokee."

Sultan hakukasirika, ingelikuwa afadhali angekasirika. Alisema jambo hili si lake peke yake. Nasaba ni ya nyumba nzima. Shaame hakuwa anajua kwamba si pacha. Haikuwa haki alisikie kwa mtu wa nje. Na kaka yake mkubwa, aliyekuwa Maskati, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Bila yeye neno kama hili halipitishwi. Angeitwa, angekuja, lingesemwa kwa utaratibu, wote wamekaa. "Wewe mwenyewe umetaka aingie kwa mlango wa mbele," alisema kwa upole. "Basi mlango wa mbele ndio huu."

Sultan alikuwa amemshinda Mwanabaraka kwa hoja yake mwenyewe.

Kaka wa Maskati alikuwa na macho yaliyokuwa yakisubiri kupasuliwa, halafu na harusi ya mjukuu. Philippe alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. "Bado, yaya?" "Bado, mdogo wangu." Ghalia alirudishwa nyumbani kwa muda, akakaa dirishani akisoma vitabu vyake vya chuo, akisema kwa Kiingereza kwamba akirudi hatawaruhusu wenzake wamtangulie. Daktari alipouliza tena, Mwanabaraka alimjibu kwamba sasa yupo mtu, na ataletwa. Daktari alisema aletwe upesi.

Kikao kilifanyika Jumamosi, tarehe 12 Juni, sebuleni Walthamstow. Kaka wa Maskati aliketi kwenye kiti kikubwa akiwa na kiraka cha jicho. Sultan alisema maneno yote, kwa mpangilio, kuanzia mwaka 1943 walipozaliwa Shaame na Mwanabaraka.

Shaame ndiye aliyesema wa kwanza. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto.

"Kwa hiyo siku ya kuzaliwa niliyokuwa nakugawia keki, si yako?"

"Yangu ni siku sita mbele," alisema Mwanabaraka.

"Siku sita! Basi mie mkubwa wako, na miaka yote hii umekuwa ukinitukana kama rika." Alijifuta macho kwa kiganja. "Maziwa tulikunywa sote. Mie sijui undugu mwengine. Huyo mtu yuko wapi? Tangu lini mnamjua? Tangu Aprili? Na mtoto yuko juu hapo? Mnakaa hapa mnanitafutia adabu mimi, na mtoto yuko juu hapo?"

"Shaame, taratibu," alisema kaka wa Maskati.

"Taratibu mkazikwe nazo!" Alisimama, akaenda kwenye simu. "Nambari yake. Nipeni nambari yake."

Philippe alikuja jioni ile ile, amevaa suti ya kanisani, akiwa na mfuko wa machungwa. Sultan alimpokea mlangoni, mlango wa mbele, akampa mkono. Mambo yote yalikwenda kama Mwanabaraka alivyotaka. Kisha yeye mwenyewe akampandisha mgeni juu hadi chumba cha Ghalia. Ghalia, mwembamba ndani ya sweta la baba yake, alimtazama mtu yule, akamtazama mama yake, akagusa paji lake mwenyewe. "Hili lilitoka huko?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ni ya mama yangu," Philippe alijibu kwa Kiswahili. "Na yeye alilipata kwa mama yake. Ngalula."

"Mbona wajomba zangu wengine wote hawana sura ya maana?" alisema Ghalia. Kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi, nyumba ile ilisikia watu wawili wakicheka ghorofani.

Philippe alitolewa damu Jumatatu. Tarehe 25 Juni daktari aliwaita, na safari hii alishindwa kuificha furaha usoni. Nusu adimu ilikuwamo. Nusu iliyoenea ilikuwamo pia. Philippe alifaa, karibu kwa ukamilifu. Bahati ambayo yeye mwenyewe, alisema daktari, hakuwa ameitegemea. Kitanda kiliwekwa kwa ajili ya tarehe 19 Julai.

Tarehe 8 Julai Ghalia alipimwa damu kama ilivyokuwa kawaida kabla ya matibabu yale, na saratani ilikuwa imerudi. Uboho hautiwi katika mwili wa namna hiyo. Kwanza lazima ugonjwa utulizwe upya. Walimpa dawa kali zaidi ya zile za mwanzo. Siku ya tisa homa ilimpanda. Picha zikaonyesha ukungu mapafuni. Philippe alikaa nje ya wodi asubuhi baada ya kazi, akiwa na sare yake, mikono juu ya magoti, mtu mzima mwenye mifupa iliyojaa kitu ambacho hakuna aliyeweza tena kukichukua.

Mwanabaraka alimuuliza daktari swali moja. Alitaka kujua, kama mtu yule angeletwa mwishoni mwa Aprili, ingekuwaje.

Daktari hakutazama pembeni. "Angetiwa uboho mwezi wa Juni," alisema, "akiwa bado ametulia. Siwezi kusema angepona. Ninaweza kusema angetiwa."

Ghalia alifariki Jumatatu, tarehe 2 Agosti, alfajiri, mama yake akiwa ameshika mguu wake wa kulia na Sultan akimsomea Yasini. Mwanabaraka mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Bi Mize aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akaelekeza kila mkono upite wapi, kwa sababu wale wanawake wadogo wa London walikuwa hawajui vizuri.

Makaburini waliingia shimoni Sultan na Shaame. Alitakiwa mtu wa tatu, na binamu mmoja wa Birmingham akashuka. Philippe alisimama nyuma ya safu za wanaume, kofia mkononi, pamoja na Noëlla. Alipotaka kusogea kutupa udongo, kaka wa Maskati alimwekea mkono kifuani, bila ukali, akamwambia kwamba haya ni ya watu wa nyumba. Philippe alirudi nyuma. Sultan aliliona tendo lile. Alikuwa na udongo viganjani, na alikuwa ametazama upande ule. Akageukia kaburi, akautupa.

Shaame ndiye aliyemsimulia Mwanabaraka jioni ile, nyumbani, mbele ya wanawake waliokuja kumpa pole. Mwanabaraka alimwuliza mara mbili: "Baba yake aliona?" Na mara mbili Shaame alijibu: "Aliona, dada yangu." Hakumwita pacha.

Mwanabaraka alikaa eda ya moyo wake mwenyewe mpaka arobaini ikasomwa. Alipika, akapokea wageni, akarudisha vyombo vya watu. Siku iliyofuata alikunja nguo zake ndani ya mifuko miwili ya mapazia ya duka la Geeta, akamwambia Sultan kwamba anakwenda kwa ndugu yake.

"Shaame?" aliuliza Sultan.

"Philippe."

"Utarudi lini?"

Alikuwa amekwisha fungua mlango. Alitafakari swali lile kwa uaminifu, kama alivyokuwa akipima kitambaa kabla ya kukikata. "Sijui, Baba Ghalia," alisema. "Nikijua nitakwambia."

Tarehe 2 Agosti 2000, hitima ya mwaka ya Ghalia ilisomwa mara mbili: Walthamstow, nyumbani kwa Sultan, na Lewisham, ghorofa ya tatu, ambako Mwanabaraka alikuwa bado anakaa. Shaame alihudhuria zote mbili. Sultan hakuomba aletewe mkewe, Mwanabaraka hakuomba talaka, na mpaka siku hiyo Sultan alikuwa hajawahi kufika Lewisham.